Faili Lipo Lakini Halionekani: Kutafuta Chanzo cha Matatizo ya Hifadhi ya Obijekti

Jumamosi moja usiku dada mwenye studio ya picha Sinza alinipigia simu, sauti ikitetemeka. "Fundi, picha za harusi ya watu zimepotea. Niliacha elfu moja na mia moja, sasa naona mia tatu tu. Kesho saa nne wenyewe wanakuja kuchukua." Nilimwomba jambo moja: asiguse kitu. Asipakie, asifute, wala asimruhusu kijana wake aendelee kurekebisha. Nikapanda bodaboda kutoka Mabibo.

Picha zote zilikuwepo, hata moja haikupotea. Kilichotokea nitakieleza hapa chini, maana ukikielewa hicho umeshapata nusu ya dawa ya matatizo yote ya hifadhi ya aina hii. Watu wengi Dar sasa wanaweka kazi zao kwenye wingu: studio, shule, maduka ya mtandaoni, vituo vya afya. Wanakabidhiwa ndoo (bucket, chombo cha kuwekea faili huko kwenye wingu) na funguo za kuingilia bila kuelezwa kwamba walichopewa si diski. Kisha wanakitumia kama diski, na hapo ndipo shida inapoanzia.

Ulichonacho ni nini hasa

Fikiria dirisha la parseli kwenye stendi ya Magufuli, Mbezi. Unapeleka boksi limefungwa, karani anaandika jina juu yake na kulipokea. Ukilitaka, unataja jina lile lile kama lilivyoandikwa, unapewa boksi zima. Karani hawezi kulifungua akuongezee shati moja katikati kisha alifunge. Ukitaka kuongeza shati unachukua boksi, unaongeza mwenyewe, halafu unalikabidhi upya.

Obijekti ndilo boksi hilo. Ina data yenyewe, ina jina kamili, na ina metadata, yaani maelezo yanayobandikwa juu yake kama aina ya faili na tarehe. Inakaa ndani ya ndoo, na inafikiwa kwa maombi ya HTTP, njia ile ile inayoleta kurasa za wavuti. Hakuna folda. Ukiona "harusi/juni/picha-001.jpg", hilo lote ni jina moja lenye mikwaju ndani yake. Programu inakuchorea folda ili macho yako yatulie, lakini kule kwenye hifadhi ni orodha moja ndefu ya majina.

Amazon ilifungua huduma yake ya S3 Machi 2006, na namna yake ya kuzungumza na hifadhi imeigwa na wengine wengi, kuanzia Cloudflare R2 hadi MinIO unayoweza kuisimika kwenye seva yako mwenyewe. Google ina Cloud Storage. Microsoft ina Azure Blob Storage, ambako ndoo huitwa kontena. Namba na majina ya makosa nitakayotaja ni ya S3, isipokuwa nikisema vingine.

Dalili: faili zimepungua ghafla

Turudi Sinza. Mchana ule kijana wa studio alikuwa amebadilisha jina la folda, kutoka HARUSI JUMAMOSI kuwa HARUSI JUMAMOSI TAYARI. Kwenye kompyuta yake kazi hiyo ni ya kufumba na kufumbua. Huku hakuna folda ya kubadilisha jina, kwa hiyo programu ilifanya njia pekee iliyopo: inakili picha kwenye jina jipya, ifute ya zamani, iende kwenye inayofuata. Mara elfu moja na mia moja. Ilipofika picha ya mia nane umeme ukakatika, ruta ikazima, programu ikafa. Picha 800 zikawa na jina jipya, 300 zikabaki na la zamani. Dada alikuwa anatazama kule kwenye zile 300.

Ukikutana na dalili hii, usianze na folda. Tafuta kwenye ndoo nzima kila jina linaloanza na herufi unazozijua, kwa mfano "HARUSI J", kisha uhesabu. Zikipatikana sehemu mbili, nakili zilizobaki, hesabu tena, linganisha ukubwa, halafu ndipo ufute za zamani kama kazi ya pili, peke yake. Mimi sitengenezi tena programu inayonakili na kufuta kwa mkupuo mmoja. Nimeona machozi ya kutosha.

Kuna dalili ndugu ya hiyo: programu inaonyesha faili 1,000 kamili, si 998 wala 1,003. Namba hiyo ikijitokeza, ujue hakuna kilichopotea. S3 hurudisha majina yasiyozidi 1,000 kwa ombi moja, pamoja na alama ya kuombea ukurasa unaofuata. Aliyeandika programu yako aliusahau ukurasa wa pili.

Dalili: 403, umekataliwa

Hapa ndipo watu wanapopoteza siku nzima, kwa hiyo tukae kidogo.

Namba 403 haitoshi kukupa jibu, maana nyuma yake kuna sababu kadhaa na kila moja ina dawa yake. Kabla hujagusa ruhusa yoyote, fungua jibu lenyewe lililorudi. Ndani yake kuna maandishi mafupi ya XML yenye sehemu inayoitwa Code. Soma neno lililo hapo. Nimekuta mafundi wazuri kabisa wamebadilisha sera, yaani maandishi yanayosema nani anaruhusiwa kufanya nini, mara saba bila kusoma neno hilo hata mara moja.

Ikiwa ni RequestTimeTooSkewed, tatizo ni saa ya kompyuta yako. Kila ombi hutiwa sahihi yenye muda ndani yake, na muda huo ukipishana na wa seva kwa zaidi ya dakika 15, ombi linakataliwa. Dar nimeliona kwa njia mbili. Ya kwanza ni kompyuta ya mezani ambayo kibetri chake cha kwenye bodi kimekufa: umeme ukikatika, inaamka ikiwa na tarehe ya miaka iliyopita. Ya pili ina ujanja zaidi. Laptopu ya mtumba imekuja kutoka Dubai, majira yake bado ni ya Dubai, ambako wako saa moja mbele yetu. Mwenye nayo aliona saa haiendani na ya Dar, akairudisha nyuma saa moja kwa mkono bila kubadili majira. Kwenye kioo inasoma sawasawa, lakini ndani kompyuta inaamini muda wa dunia, UTC, uko saa moja nyuma. Chagua majira ya Afrika Mashariki, kisha washa upangaji wa saa kwa intaneti. Kubadilisha funguo hakutakusaidia.

Ikiwa ni SignatureDoesNotMatch, mara nyingi ufunguo wa siri umenakiliwa vibaya. Wa AWS, yaani huduma za wingu za Amazon, una herufi 40, na ndani yake huweza kuwamo mkwaju au alama ya kujumlisha, ambazo baadhi ya programu huzitafsiri vingine. Zihesabu. Angalia pia nafasi tupu mwishoni, hasa kama ulitumiwa kwa WhatsApp, na kama ulitumiwa hivyo, omba ufutwe utolewe mwingine. Ufunguo uliopita kwenye kundi la watu kumi na wawili si wa siri tena.

InvalidAccessKeyId ni nyepesi: kitambulisho cha ufunguo hakijulikani. Umefutwa, au umeuelekeza kwa mtoa huduma mwingine.

Inabaki AccessDenied. Kosa ninalokutana nalo zaidi ni sera iliyotoa ruhusa kwa ndoo ikasahau vilivyomo. Ruhusa ya kuorodhesha majina hutolewa kwa ndoo yenyewe. Ruhusa ya kusoma na kuandika hutolewa kwa obijekti zilizomo, na kwenye sera ya AWS anwani yake huishia na mkwaju na nyota. Ukiandika moja tu, utaona orodha usiweze kufungua faili, au utafungua faili usione orodha.

Na sasa jambo ambalo huwashangaza hata wazoefu. Faili lisipokuwepo kabisa, unategemea 404. Lakini kama huna ruhusa ya kuorodhesha ndoo, S3 inakupa 403. Ina sababu: kukwambia "halipo" ni kukufunulia kilichomo na kisichomo ndani ya ndoo ya mwenyewe. Kwa hiyo mtu anahangaika na ruhusa kutwa nzima, kumbe jina la faili limekosewa herufi moja. Kila 403 ya AccessDenied unapoomba faili, jaribu kwanza faili jingine unalojua lipo. Likifunguka, acha ruhusa, kaangalie jina.

Kuna dawa moja mbaya ambayo vijana hupeana haraka: fungua ndoo iwe ya hadharani, kila kitu kitaonekana. Ni kweli kitaonekana, na wote duniani watakiona. Tangu Aprili 2023 ndoo mpya za S3 huzaliwa zikiwa zimezuiwa kwa umma, na mtu anayezima kizuizi hicho ili kumaliza 403 anapaswa kujiuliza ndani mna nini. Nimewahi kukuta picha za eksirei za wagonjwa, zenye majina yao, zikiwa wazi namna hiyo kwa sababu fundi alitaka kwenda nyumbani mapema. Mgonjwa yule hakuulizwa. Nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, lakini hata isingekuwepo, nisingemfanyia mama wa mtu hivyo. Ukitaka mtu mmoja aone faili moja, mpe kiungo cha muda.

Dalili: 404, halipo, na wewe unaliona

Hapa fikiria jina, herufi kwa herufi. Windows haijali Picha.JPG na picha.jpg, hifadhi ya obijekti inaziona kuwa vitu viwili visivyojuana. Nafasi kati ya maneno hugeuka alama nyingine kwenye anwani ya wavuti, na hapo hitilafu nyingi huzaliwa.

Sisi tunaoandika Kiswahili tuna mtego wetu wenyewe: ng'. Faili linaitwa "Ng'ombe wa maziwa.jpg". Mtu wa kwanza aliandika kwenye kibodi ya kompyuta, ikatoka alama iliyonyooka. Wa pili aliandika kwenye simu, simu ikaweka alama iliyopinda. Kwa jicho ni kitu kimoja, kwa hifadhi ni majina mawili. Duka moja la mtandaoni lilikosa picha za kila bidhaa yenye ng' na hakuna aliyejua kwa nini, hadi nilipobandika majina mawili kando kwa kando na kutazama misimbo ya herufi. Tangu hapo nawashauri wateja wangu wote: jina la obijekti liwe herufi ndogo, tarakimu na kistari tu. Jina zuri lenye ng' likae kwenye hifadhidata, mahali ambapo mteja atalisoma.

Kama kosa ni 301 badala ya 404, umegonga kanda isiyo yake, yaani eneo jingine la seva za mtoa huduma. Ndoo inaishi kwenye kanda moja. Programu imeelekezwa kwingine.

Dalili: upakiaji unafika asilimia tisini, unaanza upya

Kabla ya kulaumu, piga hesabu. Video ya GB 4 ni megabiti 32,000. Kama kasi yako ya kupandisha ni megabiti 5 kwa sekunde, unahitaji sekunde 6,400, karibu saa moja na dakika hamsini bila laini kuyumba hata mara moja. Vifurushi vingi hutangazwa kwa kasi ya kushusha, kwa hiyo pima ya kupandisha mwenyewe.

Ukipakia faili kubwa kwa ombi moja, laini ikiyumba dakika ya mia moja unapoteza zote mia, na bando limekwenda nazo. Dawa ni kupakia kwa vipande. Faili linakatwa, kila kipande kinapanda kivyake, kilichoanguka kinarudiwa peke yake, mwishoni programu inatuma ombi la kuviunganisha. Kwenye S3 kila kipande, ukiacha cha mwisho, kisipungue MiB 5 (MiB ni karibu sawa na MB), na visizidi 10,000. Ombi moja lisilo la vipande lina kikomo cha GB 5, kwa hiyo faili likikataliwa papo hapo kwa ukubwa, hiyo ndiyo sababu. Kwa laini zetu napenda vipande vidogo, MiB 8 hivi, na visivyozidi vitatu kwa wakati mmoja. Wanaosema uongeze hadi ishirini wana laini isiyo yetu.

Halafu kuna ucheleweshaji wa aina nyingine, wa faili nyingi ndogo. Kila ombi lina safari ya kwenda na kurudi. Chukua sekunde 0.2 kwa safari: picha ndogo 20,000 zikipanda moja moja ni sekunde 4,000 za kusubiri tu, zaidi ya saa nzima, hata kama intaneti yako ni ya kasi. Hapa kinyume cha juu, tuma nyingi kwa pamoja, au kama ni za kuhifadhi tu zifunge kwenye faili moja la zip.

Kanda uliyochagua nayo ina neno. AWS wana kanda Cape Town tangu 2020. Microsoft wako Johannesburg tangu 2019, na Google wakafungua yao hapo hapo Johannesburg Januari 2024. Wengi bado wana ndoo Marekani kwa sababu ndiyo iliyotokea kwanza kwenye menyu. Usihame kwa kudhani tu. Pima muda wa safari kutoka ofisini kwako kwenda kila kanda, kisha uamue.

Na siku nyingine tatizo liko baharini. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za intaneti za EASSy na SEACOM zilikatika, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Siku ile nilipokea simu za watu waliokuwa wanafuta mipangilio yao iliyokuwa sahihi kabisa. Kama jana ilifanya kazi, hujabadilisha kitu, na tovuti nyingine za nje nazo zinasuasua, subiri.

Dalili: bili inapanda na faili ni zile zile

Hili linauma kwa sababu bili ni ya dola na sisi tunakusanya shilingi.

Anza na vipande vilivyoachwa. Kila upakiaji wa vipande uliokatika bila kukamilishwa au kufutwa umeacha vipande vyake ndani ya ndoo. Havionekani kwenye orodha ya kawaida ya faili, na vinalipiwa. Kwenye mji wenye laini na umeme kama wetu vinaweza kuwa vingi mno. Weka kanuni ya kufuta upakiaji usiokamilika baada ya siku saba. Ni mistari michache tu, na kwa mawazo yangu kila ndoo ya Dar ingezaliwa nayo.

Kisha angalia matoleo ya zamani. Kama umewasha utunzaji wa matoleo, kila ukiandika juu ya faili, la zamani linabaki na linalipiwa kwa ukubwa wake wote. Faili la MB 200 linaloandikwa upya kila siku ni GB 6 kwa mwezi. Usizime utunzaji huo, utauhitaji. Weka kanuni ya kufuta matoleo yaliyopita siku 30 au 60.

Chunguza na daraja la bei nafuu. Lile la matumizi ya nadra kwenye S3 hukuhesabia kila obijekti isiyofika KB 128 kana kwamba imefika, na ukifuta kabla ya siku 30 unalipa za siku 30. Vijipicha vya KB 15 vikiwekwa huko vinageuka ghali kuliko vingebaki daraja la kawaida. Mwisho ni gharama ya kutoa data nje: kila mteja anayetazama video yako anaipandisha bili. Cloudflare R2 haitozi kutoa nje. Kwa tovuti ya video hilo peke yake laweza kuamua uende kwa nani.

Dalili: nimebadilisha picha, wateja wanaona ya zamani

Zamani tungesema hifadhi inachelewa kukubaliana na nafsi yake. Kwa S3 hilo liliisha Desemba 2020: ukishaandika na kupata jibu la kufaulu, anayesoma baada yako anapata mpya. Kwa hiyo ya zamani iko kwenye kashe, yaani nakala ya muda iliyowekwa karibu, ama ya kivinjari cha mteja ama ya mtandao wa usambazaji ulio katikati. Huwezi kuzunguka Kariakoo ukiomba kila simu isafishwe. Ipe picha mpya jina jipya, kwa mfano bango-v2.jpg, kisha ubadilishe kiungo kwenye ukurasa.

Dalili ndogo ndogo

Picha inajipakua badala ya kufunguka: metadata ya aina ya faili haikuwekwa, hifadhi imeandika ile ya jumla, kivinjari hakijui la kufanya nayo. Weka Content-Type kuwa image/jpeg.

Kiungo cha muda kilichofanya kazi juzi kimekufa: kikomo ni siku 7, na kama kilitengenezwa na ufunguo wa muda mfupi, kinakufa pamoja na ufunguo huo hata ukikiandikia siku 7. Usikichapishe kwenye kadi ya mwaliko.

Kivinjari kinalalamika kuhusu CORS na programu nyingine zinafungua faili vizuri: ndoo haijaambiwa kuwa tovuti yako inaruhusiwa kuisoma. Ni mpangilio wa ndoo, si ruhusa ya mtumiaji.

Faili liko kwenye orodha lakini halifunguki, na kosa ni InvalidObjectState: limepelekwa kwenye hifadhi ya kina, daraja la vitu visivyoguswa kwa muda mrefu. Liombe lirejeshwe, kisha usubiri. Kwa njia ya kawaida, Glacier Flexible Retrieval huchukua saa 3 hadi 5, na Deep Archive ndani ya saa 12. Usiweke huko kitu ambacho mwenyewe anaweza kukidai asubuhi.

Dalili: tumeifanya iwe diski, sasa kila kitu kinagoma

Kuna programu zinazoitokeza ndoo kwenye kompyuta kama diski ya Z. Kwa kutazama faili na kunakili chache, haina ubaya. Ila wahasibu wawili wakifungua jedwali moja, mmoja Posta mwingine Tegeta, anayehifadhi mwisho anafuta kazi ya mwenzake bila onyo lolote, kwa sababu programu hizo aghalabu hazina kufuli la kumzuia wa pili. Logi, yaani daftari la matukio la programu, inayoongezewa mstari mmoja mmoja inaweza kulazimu faili zima kupandishwa upya kwa kila mstari. Na hifadhidata inayobadilisha baiti chache katikati ya faili mara mia kwa dakika itaharibika. Sina dawa ya hili zaidi ya kuiondoa. Hifadhidata ikae kwenye diski ya kweli ya seva, na kila usiku nakala yake rudufu, moja, iliyofungwa, ipelekwe kwenye ndoo. Boksi zima, jina lenye tarehe.

Dalili: imefutwa

Kama utunzaji wa matoleo ulikuwa umewashwa, kufuta kwa kawaida hakuondoi kitu. Kunaweka alama ya ufutaji juu yake. Onyesha matoleo yote, ondoa alama hiyo, faili linarudi. Nimeirudisha hivyo mitihani ya shule nzima kwa dakika kumi, na mwalimu mkuu, mzee wa watu, akanishika mkono kwa muda mrefu.

Kama haukuwa umewashwa, faili limekwenda. Watu hunisomea zile tisa kumi na moja, asilimia 99.999999999 ya uimara, kana kwamba ni ahadi ya kurudishiwa. Uimara huo ni dhidi ya diski zao kufa. Ukitoa amri ya kufuta, hifadhi inakutii kwa uimara ule ule. Washa matoleo leo, na uweke nakala ya pili kwa akaunti nyingine yenye ufunguo ambao kijana wa ofisini hana.

Ukilazimika kuomba msaada

Mtumie fundi au mtoa huduma jina la ndoo, jina kamili la obijekti kama lilivyo, neno lililoko kwenye Code, na namba ya ombi iliyorudi na kosa hilo. Ufunguo wa siri usimtumie mtu yeyote, hata akiuomba kwa upole.

Ongeza na muda, na hapa sisi tunahitaji uangalifu, maana logi zao ziko UTC na saa zetu zinahesabiwa kwa jua. Natumia hesabu hii: mchana, chukua saa ya Kiswahili uongeze 3, usiku, ongeza 15, na ikifika au kupita 24 utoe 24. Saa tatu asubuhi ni 06:00 yao. Saa tatu usiku ni 18:00. Saa nane usiku ni 23:00, na tarehe yao bado ni ya jana hadi tufike saa tisa usiku. Andika tarehe hiyo ya kwao kwenye ombi lako, la sivyo watakutafutia kosa kwenye siku ambayo halikutokea.